Chini ni pa Matope

Maandishi yangu husomwa na mtu aliyeachwa nyuma. Ndivyo kazi ya baveti ilivyo. Baveti ni ule mpira mweusi unaoning'inia nyuma ya gurudumu la pikipiki kuzuia matope, na hapa Kasongo hakuna dereva anayekubali ubaki mtupu. Mmoja anataka niandike "Mungu iko", mwingine "Mama nisamehe", mwingine anataka chui, lakini chui anayecheka. Nawachorea wote. Shuleni nilifika darasa la nne tu, na aliyenikatia njia pale nitamsema.

Ni mwanaume aliyekuwa komanda wa watu wenye bunduki upande wa Lusangi. Walikuja asubuhi tukiwa darasani. Walitutoa nje, wakachoma shule mbele ya macho yetu, kwa sababu wazee walikataa kuwapa vijana wao. Baba yangu alikuwa mmoja wa wazee hao, na siku ile ndiyo ya mwisho kumuona. Chifu wetu ndiye aliyewaonyesha njia ya kupitia mashamba ya mihogo. Yeye naye nimtaje, hata kama alikufa kitandani kwake, amefunikwa vizuri. Komanda bado iko. Anauza simenti na mabati kule Kabambare, duka lenye mlango wa kijani kando ya barabara, na watu wanamwita papa, kama baba yao. Jina siliandiki. Mtu wa Kabambare akisoma mlango wa kijani ameshamjua.

Basi, asubuhi moja nachora chui, prefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, akasimama mbele yangu.

"Jambo, mama."

"Jambo, prefe. Siku hizi uko na pikipiki?"

"Sina. Nimekuja kwa ajili ya watoto."

Akanieleza. Shule za Kasongo na za Kabambare zitashindana kutengeneza video. Wanafunzi watapiga kwa simu, video fupi, juu ya maisha ya kwao. Timu za Kabambare zitakuja kwa pikipiki kumi, na yeye anataka baveti zote kumi ziwe na alama moja, ile ile itakayokaa kwenye afishi za ukutani na ndani ya kila video.

"Alama yenyewe inatoka kwa kijana wa duka la kompyuta," alisema. "Wewe utainakili tu."

Kunakili. Neno hilo lilinichoma.

"Prefe, huyo kijana ameshaona watoto wakipiga hizo video?"

"Ameziona ku internet."

"Basi na mimi nitafanya yangu. Mutatazama mbili, mutachagua moja."

Alicheka. "Mama, hii haiko kazi ya chui."

"Najua. Chui hawezi kushika simu."

Akanipa mpaka Jumamosi.

Siku ile sombe yangu, majani ya mihogo, iliungua juu ya makaa na sikusikia harufu. Nilikuwa nazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutaga. Nilikuwa nimehesabu njia: kutoka Kabambare kuja huku hakuna pikipiki isiyopita mbele ya mlango wa kijani. Pikipiki kumi, moja nyuma ya nyingine, na yule mtu amesimama pale na kikombe chake cha chai. Alichoma shule. Nilitaka alama ya wanafunzi impite mbele ya pua mara kumi, imechorwa na mtoto ambaye yeye alimfukuza darasani. Nikishindwa Jumamosi, kitakachompita ni kazi ya kijana wa kompyuta, na mimi nitakuwa nimenakili.

Kesho yake nilikwenda kuona watoto wanavyofanya. Nyuma ya shule nilimkuta msichana mmoja wa mwaka wa tano, anayewasemea wanafunzi kwenye komite ya mashindano. Alikuwa anapiga video ya bibi yake akikamua mafuta ya mawese. Ili simu isitikisike, alikuwa amechomeka mpini wa jembe ardhini na kuifunga simu juu kwa vipande vya mpira wa tyubu.

"Mama, usipite hapo. Unaniingilia ku sauti."

"Sijasema kitu."

"Kandambili zako zinasema."

Nikazivua. Bibi naye, aliyekuwa anaongea Kizimba, lugha ya kwao, bila kupumzika, akaniangalia miguu na kusema neno lililomfanya mjukuu acheke mpaka jembe likayumba. Sijui Kizimba cha kutosha, nikafurahi kutojua. Lakini macho yangu yalikuwa yamekwama kwenye jembe lile. Jembe lenye simu kichwani! Nilirudi nyumbani karibu nikimbie, kandambili bado mkononi.

Rangi ilinisumbua kidogo. Prefe alikuwa ameniomba nisiguse rangi za vyama vya siasa. Nilimpigia simu.

"Nyekundu?"

"Iko na wenyewe."

"Bluu?"

"Iko na wenyewe."

"Njano?"

"Weka, lakini kidogo."

Nikaamua: nyeusi iwe ya mpira wenyewe, nyeupe ya mpini na ya maandishi, yaani jina la mashindano, na njano ndani ya kioo cha simu tu, kama dirisha la nyumba yenye taa. Nilichora kwanza kwa chaki chini, nikafuta, nikachora tena. Majirani walipita wakiuliza nani amekufa, maana wamezoea kuniona na haraka namna ile nikiandika misalaba. Nilipopaka njano ya mwisho nilipiga makofi peke yangu. Sijapiga makofi namna hiyo kwa ajili ya chui yeyote.

Jumamosi tulikaa katika ofisi ya prefe: yeye, mwalimu wa Kifaransa, yule msichana, kijana wa kompyuta na mimi. Kijana alitoa karatasi inayong'aa. Kamera kubwa ya wazungu, nyota pande zote, na chini herufi nene za dhahabu. Nisiseme uongo, ilikuwa inapendeza. Mwalimu alisema "eeeh" ndefu.

Nikafungua gunia langu, nikaweka baveti juu ya meza.

"Mama," kijana akasema, "rangi ilikwisha?"

Prefe alijikaza asicheke. Mwalimu akainama, akaweka vidole vyake chini ya jembe. "Kweli, hapa chini kuko bure. Yote hii. Ni sawa na kazi haijaisha."

Nikatazama, na ndiyo mara ya kwanza kuona. Theluthi nzima ya chini haikuwa na kitu. Jembe, simu, maandishi, vyote vilikuwa vimebanana juu kama watu waliokimbia mafuriko. Mkono wangu ulifanya vile ulivyozoea miaka yote, na mimi sikuuliza.

"Chini ni pa matope," nikasema. "Baveti ikifika hapa kutoka Kabambare, chini husomi kitu. Ukiandika pale umeandikia matope."

Hapo walicheka wazi.

"Video haina matope, mama," kijana akasema.

Niliona mlango wa kijani na pikipiki zikipita na nyota za mwingine. Nikaanza kurudisha baveti ndani ya gunia.

"Prefe, ngojeni kwanza," msichana akasema. Akatoa simu yake na kuwasha video ya bibi. "Bibi yangu anasema Kizimba. Wa Kabambare watasema Kibangubangu. Watu wote wapate kuelewa, tafsiri tunaandika wapi?"

"Chini," mwalimu akajibu.

"Kaka, tia alama yako ndani."

Kijana akaitia. Herufi za dhahabu zilikaa juu ya tafsiri kama ng'ombe aliyelala njiani. Mwalimu akasogeza miwani. "Sioni kitu bibi anasema."

"Naipandisha juu," kijana akasema.

"Pandisha."

Akaipandisha, na nyota zikamfunika bibi uso.

Msichana akanyoosha mkono, akachukua baveti yangu, akaipiga picha na kuiweka juu ya ile video, ukingo kwa ukingo. Jembe langu lilisimama juu, kwenye kona. Bibi alionekana mzima. Na chini, mahali nilipoachia matope, maneno yake yakapita moja moja, meupe: *Usikamue kama mtu anayefukuzwa.*

Mwalimu aliyasoma kwa sauti, kisha akayasoma tena. Prefe akamwambia kijana, "Utaiingiza hii ya mama ku kompyuta," na kijana akakubali. Akaniuliza hata ile njano ni ya kopo gani.

Mlangoni prefe akaninong'oneza, "Mama, ulijua mambo ya tafsiri?"

"Sikujua kitu. Ni mkono tu."

"Kwenye baveti nako, pale chini, kila shule iandike jina lake."

"Prefe, nimeshakuambia matope."

"Waandike tu."

Nikachora kumi. Zilikwenda Kabambare na madereva wanaonijua, na mimi nilibaki nahesabu siku kama mwenye mimba.

Siku ya kufika nilisimama pale njia inapoingilia mjini tangu asubuhi, na mkoba wangu wa rangi begani, maana sijui kwenda mahali bila huo. Walitokea mchana, mmoja mmoja, watoto wakiwa wamefunika sare zao kwa plastiki. Matope yalikuwa yamepanda kwenye kila baveti mpaka mahali pale pale, chini ya jembe, kana kwamba mtu ameyapimia kamba. Juu, njano ilikuwa safi. Nilisimamisha dereva wa kwanza.

"Mulipita mlango wa kijani?"

"Wote. Tulisimama pale hata, kufunga mizigo."

"Mwenyewe alikuwepo?"

"Alikuwepo na chai yake. Aliuliza hii ni alama ya chama gani."

"Mukamjibu?"

"Ya shule."

"Akasema nini?"

"Aliingia ndani."

Nilimuuliza mara mbili, akarudia vile vile: aliingia ndani. Nilitaka kumkumbatia yule dereva na matope yake yote.

Pikipiki ya mwisho ilileta msichana mwembamba aliyenisalimia shikamoo kabla ya kushuka. Nikainama na pembe ya kitenge changu, nikafuta chini ya jembe. Herufi zikatoka, nyeupe, zimepinda. Nilizisoma polepole kama mtu wa darasa la nne. Lilikuwa jina la shule yangu, ya upande wa Lusangi.

"Kule kuko shule?"

"Iko, mama. Walijenga pale pale pa ile ya zamani."

"Na hii nani aliandika?"

"Ni sisi, na kijiti." Akaangalia baveti, akaniangalia mimi. "Iko mbaya?"

"Herufi ya tatu imelala."

Nikakaa chini pale njiani, nikakausha mpira kwa kitenge, nikafungua kopo jeupe, nikaisimamisha ile herufi.