Lori Lililoturudisha

Mama yangu alichuma chai ya kampuni moja hapa Kericho kwa zaidi ya miaka thelathini, na miaka yote hiyo alikaa katika chumba kimoja cha laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kando ya mashamba. Mimi nilizaliwa katika laini hiyo. Kisha zikaja mashine za kuchuma chai, na barua ikafuata: kazi imekwisha, chumba kirudishwe mwisho wa mwezi. Barua ilimtakia mama safari njema ya kurudi nyumbani. Nilipomsomea hapo nilicheka kwa hasira, maana aliyeiandika hakujiuliza ni nyumbani gani.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imetoa pesa za kujenga nyumba ndogo upande wa Sosiot kwa watu wasio na makao. Chifu akatangaza kwamba kamati ingeketi kwenye uwanja wa ofisi yake kuandika majina. Minong'ono ikaanza kwamba watu wa laini hawataandikwa, kwamba sisi ni wa kuja, tuna kwetu Nyamira, alikotoka baba. Maneno hayo yaliniuma. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama alipewa kikapu, akakibeba mpaka mgongo ukapinda, na bado ni mgeni? Kodi ilipokatwa kwenye mshahara wake hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi.

Lakini kosa lilikuwa letu pia. Baba alipofariki tulimsafirisha hadi Nyamira, kwa sababu kampuni hairuhusu kaburi ndani ya chai, na kwa sababu sisi wenyewe tuliona aibu mtu wetu kuzikwa ugenini. Kampuni ilitupa lori. Majirani wenyeji walijaa humo pamoja nasi, wakaimba njia nzima. Nilijivuna sana siku hiyo. Sikujua kwamba tulikuwa tunajitengenezea ushahidi. Shamba la baba huko lilikuwa mikononi mwa baba mdogo, na kabla nyasi hazijaota juu ya kaburi alikuwa ameshapanda mahindi mpaka penye msalaba. Alimwambia mama kwamba mjane anayetaka kulima aende kwa baba yake.

Asubuhi ya kikao nilimfundisha mama uongo. Aseme hakuolewa. Aseme Nyamira anaisikia tu redioni. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani, akaacha, akaniangalia mpaka nikatamani kutoka nje. Alisema amezaa watoto wanne na mtu yule na hatamkana kwa sababu ya mabati ya serikali.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mkulima wa chai na ng'ombe, mtu ambaye tulinunua maziwa kwake tangu nikiwa mdogo. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililonitia hofu, kwa kuwa mtu mbaya ningemkaripia. Zamu ya mama ilipofika alimsalimu kwa Kikipsigis, lugha ya wenyeji, mama naye akajibu kwa Kikipsigis, wakaulizana hali ya watoto na ya ng'ombe. Halafu mwenyekiti akamwambia karani aruke jina la mama.

"Mama, wewe uko na kwenu," alisema kwa upole. "Hata mimi nimefika huko. Si tulipeleka mzee na lori ya kampuni?"

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Nilisimama nimjibu, lakini mama alinivuta sketi nikakaa.

"Ulifika, na sijasahau," mama akasema. "Wewe ulibeba jeneza. Sasa uniambie, ulirudi na nini?"

"Na hiyo hiyo lori."

"Na nani alikuwa amekaa kando yako?"

Mwenyekiti akafikiri kidogo. "Ni wewe. Ulikuwa umeshika sufuria."

"Basi sema mbele ya hawa watu. Hiyo siku, mimi nilikuwa narudi wapi?"

Mwenyekiti alivua kofia, akaivaa tena. Karani, ambaye kalamu yake ilikuwa imesimama hewani, aliuliza aandike nini penye nafasi ya nyumbani. Alikuwa anamwuliza mwenyekiti, lakini mama ndiye aliyejibu.

"Andika pale lori ilitushukisha."

Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, na karani akaandika jina la laini yetu.

Mwisho wa mwezi nyumba za serikali zilikuwa bado kuta tupu. Msimamizi wa laini alipokuja kudai ufunguo, mama alimwonyesha karatasi ya kugawiwa nyumba aliyopewa na kamati, akamwambia atatoka siku paa litakapowekwa. Alitishiwa kutolewa vyombo nje. Akasema vyombo vyake ni vichache, havitawachosha. Nilikaa naye mlangoni siku nyingi, na wanawake wa laini wakaleta viti vyao wakakaa nasi. Paa liliwekwa, ndipo akatoka.

Sasa ana vyumba viwili na sukuma wiki mbele ya mlango. Kila Krismasi baba mdogo hupiga simu kumwuliza shemeji yake atarudi lini nyumbani. Mama humjibu kwamba alirudi kitambo, jioni ileile ya mazishi, kwa lori.