Jani Aliloshona Bruno

Kabla mguu wake haujavunjika, Bruno Cirhuza alikuwa motari, mwendesha pikipiki ya abiria, wa Nyawera. Pale penye maegesho ya pikipiki, kando ya soko, wenzake walimjua kama mtu ambaye hakuna mteremko wa Bukavu uliomtisha, hata wakati wa tope. Siku aliyoanguka haikuwa hata ya mvua. Alikuwa akiteremka kuelekea Nguba na abiria mmoja nyuma, mwalimu aliyechelewa shule, lori la mchanga likarudi kinyumenyume bila dereva kutazama. Mwalimu alirushwa kwenye majani, akainuka akajipangusa suruali. Bruno hakuinuka. Mguu wa kulia ulikuwa umevunjika vibaya chini ya goti.

Hospitali walimtia vyuma, wakamwambia apumzike mpaka mfupa ushike. Pikipiki haikuwa yake. Mwenye pikipiki aliitengeneza akampa mtu mwingine. Bruno akabaki katika nyumba yake ya mbao, kwenye mteremko nyuma ya soko, mguu umewekwa juu ya kiti, akisikiliza honi za wenzake zikipita barabarani. Alizitambua moja moja. Hilo ndilo lililomchosha kuliko maumivu.

Mke wake, Colombe, ndiye aliyebaki kuilisha nyumba, na mtoto wao Jeanine bado yuko mgongoni. Alifanya kazi aliyofundishwa na mama yake, Maman Adélaïde wa Nyantende: kutarizi kwa sindano, broderi kama wanavyoiita Bukavu. Mama na binti walitarizi vitambaa vya meza, mashuka na foronya, hasa vya maharusi. Maman Adélaïde alikata vitambaa na kuchora maua kijijini, akashona sehemu yake, kisha akampa mtu anayepanda mjini amletee Colombe mfuko. Colombe alimalizia, mfuko ukarudi.

Uzi mpya ulipoadimika madukani, miaka hii ya njia kufungwa na kufunguliwa, Maman Adélaïde hakulalamika. Aliwaendea wauza mitumba akachagua masweta ya pamba ambayo hakuna mtu aliyeyataka, yaliyotoboka viwiko, akayafumua mpaka yakawa mabonge ya uzi. Uzi mweupe aliuchemsha na mbegu za avoka, yaani parachichi, ukatoka na rangi ya waridi iliyotulia. Maganda ya vitunguu yalimpa manjano na kahawia. Vitambaa vyenyewe vilikuwa mashuka ya zamani, mazito, ambayo viwanda vya leo havitengenezi tena. Akina mama wauza vitunguu wa Nyawera wakazoea kumwekea Colombe maganda. Yasingechukuliwa, yangefagiwa mferejini pamoja na chupa na matambara, na mvua ingeyashusha yote ziwani.

Kazi ya kwanza ya Bruno ilikuwa kushika uzi. Colombe alimvisha kitanzi kikubwa cha uzi kwenye mikono miwili, kama pingu, naye mwenyewe akaviringa bonge. Baadaye Bruno akafumua masweta peke yake. Alikuwa na vidole vyepesi, vidole vya mtu aliyezoea kufungua kabureta barabarani, na hakukata uzi ovyo.

Asubuhi moja Colombe alikwenda sokoni na mtoto, akaacha kitambaa cha meza juu ya kitanda, kimebanwa katika duara lake la mbao. Pembeni palikuwa na tawi la maua, jani moja limechorwa kwa penseli na halijashonwa. Bruno alilitazama kwa muda. Kisha akachukua sindano akalishona, mishono ikilala ubavu kwa ubavu mpaka jani likajaa. Lilipokwisha alikirudisha kitambaa kama kilivyokuwa, akajilaza, akafumba macho.

Colombe aliporudi aliliona jani lile. Alipitisha kidole juu yake, akamtazama mumewe aliyejifanya amelala, akaenda kuwasha makaa. Kesho yake aliacha kitambaa mahali palepale, na safari hii majani mawili yalikuwa hayajashonwa.

Ikaendelea hivyo mpaka mfuko ukarudi Nyantende. Uliporejea, jani la kwanza la Bruno lilikuwa limefumuliwa lote, na kando yake Maman Adélaïde alikuwa ameshona lingine, laini, lililolala tambarare. Lile la Bruno lilikuwa limekivuta kitambaa kikakunjamana. Bruno alililinganisha jani lile na matundu ya mishono yake iliyofumuliwa, akaelewa kosa lake lilikuwa wapi. Akalishona upya bila kukaza. Likapita Nyantende na halikufumuliwa.

Kwa desturi yao mkwe na mama mkwe hawakai pamoja, wala hawazungumzi uso kwa uso kama marafiki. Tangu amwoe Colombe, Bruno alikuwa amemsalimia Maman Adélaïde kwa kuinamisha kichwa na kupita. Sasa wakawa wanafundishana bila kuonana. Kila lililokwenda vibaya lilirudi limefumuliwa, na mfano kando yake. Kila lililokwenda vizuri lilirudi kama lilivyo. Sifa nyingine haikuwapo, na Bruno akajikuta anaungojea mfuko ule kuliko alivyowahi kuungoja mshahara.

Halafu Maman Adélaïde akaja mwenyewe mjini, kuwatazama mjukuu na mgonjwa. Aliketi nje, kwenye benchi, mlango ukiwa wazi. Bruno alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Maman Adélaïde alikunywa chai, akauliza habari za mguu, habari za mtoto. Kisha akakunjua kitambaa magotini, akamwambia binti yake, kwa sauti ya kutosha kufika ndani:

"Kuna majani humu si ya mukono yako. Ni ya nani?"

Colombe alitazama chini. "Ni ya Papa Jeanine, maman."

Maman Adélaïde aligeuza kitambaa akatazama mishono ya nyuma. Nyuma ya pazia Bruno alihisi masikio yake yanawaka. Alikuwa na hakika kwamba atasikia kicheko, au neno juu ya mwanaume aliyekaa nyumbani kama mwanamke.

"Umwambie maua ajaribu," alisema Maman Adélaïde. "Majani, anajua."

Aliyecheka alikuwa Didier. Huyo alikuwa rafiki yake wa maegesho, mtu wa maneno mengi, aliyekuja siku nyingine kumtembelea bila kubisha hodi. Bruno alisukuma kitambaa chini ya blanketi, sindano ikamchoma pajani, na Didier akalifunua blanketi kutaka kujua kilichomshtua. Akacheka mpaka akakaa chini. Kabla ya jua kutua maegesho yote yalikuwa yamesikia, na jina jipya likapatikana: Maman Bruno. Alipoanza kutoka na magongo, ndilo walilomwitia kutoka ng'ambo ya barabara.

Bruno aliacha kutarizi. Alimwambia Colombe kwamba mguu unamuuma akikaa sana. Colombe alishona peke yake, akachelewa, na mteja mmoja akachukua kitambaa chake kwingine. Siku mfuko wa Nyantende ulipofika, Bruno aliufungua kwa mazoea. Ndani palikuwa na foronya iliyochorwa maua matupu, hakuna jani hata moja, na hakuna mahali Maman Adélaïde alipokuwa ameshona. Alitoka nayo nje, akakaa kwenye benchi, mahali ambapo kila anayepanda mteremko lazima ampite, akatunga uzi kwenye sindano.

Wakapita waliocheka. Wakapita waliosimama kutazama. Baada ya majuma machache hapakuwa na jipya la kuchekea.

Mvua kubwa za mwaka ule ziliwaletea motari shida nyingine. Gile zao, vizibao vya kazi, zilikuwa na nambari za kupakwa, na rangi ilibanduka. Wakawa wanasimamishwa na polisi barabarani kila mara, kila mmoja akiulizwa yeye ni nani. Didier akaja tena nyumbani kwa Bruno. Safari hii alibisha hodi. Gile aliificha nyuma ya mgongo, kama mtu aliyebeba kitu cha aibu.

"Yaya," alisema, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, "unaweza kunitilia numéro kwa sindano? Hii ya rangi haishiki."

Bruno aliigeuza gile, akaipapasa. Kitambaa chake cha plastiki kingechanika kwa sindano. Akamwambia Didier atatarizi nambari juu ya kipande cha jinzi ya zamani, kisha kipande chote akishone juu ya gile kwa kukizunguka.

"Wenzangu watauliza ni nani alishona," Didier alisema.

"Utawaambia nini?"

Didier alikuna kichwa. "Nitasema ni Bruno."

Nambari ya Didier ilishonwa kwa manjano ya vitunguu juu ya bluu ya jinzi, na mvua haikuiondoa. Wenzake wakaja wakifuatana. Wengine walitaka na majina yao, mmoja akataka jina la mtoto wake wa kwanza. Bruno akahamishia benchi lake Nyawera, karibu na maegesho, akawa anashona palepale walipokuwa wakingoja abiria.

Mguu ulipona, lakini haukunyooka sawasawa. Mwenye pikipiki alimwita ajaribu tena, naye akajaribu. Aliweza kwenda kwenye lami, lakini kwenye mteremko wenye mawe mguu haukuweza kuushika uzito wa pikipiki iliyopakia mtu. Aliurudisha ufunguo mwenyewe. Usiku ule hakula vizuri. Colombe alimwachia sahani yake imefunikwa.

Kilichobadilika zaidi ni Nyantende. Macho ya Maman Adélaïde yameanza kufifia, hasa kwa kazi nyeupe, uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ambayo ndiyo maharusi wengi wa Nguba huitaka. Alianza kwa kukosea petali hapa na pale. Siku moja Bruno aliona ua limeshonwa nje ya mchoro wake. Alikaa nalo, asijue la kufanya, kwa kuwa hakuwahi kufumua kazi ya mama mkwe wake. Mwishowe alimwonyesha Colombe.

Colombe alilitazama, akafuta macho kwa kiganja. "Ufumue," alisema. "Yeye amefumua yako mingi."

Bruno alifumua polepole, akashona ua lingine ndani ya mstari, kitambaa kikaenda Nyantende kikarudi bila neno. Tangu hapo kazi nyeupe huja ikiwa imechorwa tu. Maman Adélaïde huchora kwa mkono uleule thabiti, mistari minene kidogo kuliko zamani, na hufumua masweta kwa kupapasa. Akija mjini bado hukaa nje, na Bruno bado hukaa nyuma ya pazia. Juma lililopita Maman Adélaïde alileta shuka la harusi ya binti wa Nguba, akamkabidhi Colombe mlangoni.

"Hili, mupatie bwana yako," alisema. "Na wewe utie pindo."

Colombe amekuwa akinung'unika juu ya pindo hilo, kazi ya mwanafunzi, tangu Jumatatu.