Nguzo za Ploti ya Gatina

Benard Osewe amefunga vyuma vya nguzo kwa miaka ishirini na minne, na hakuna aliyewahi kusema hajui kazi. Kwenye mjengo mmoja mkubwa wa Westlands, ambako injinia alikagua kila nguzo kabla ya zege kumwagwa, alifunzwa mambo ambayo mafundi wengi wa mitaani hawana habari nayo. Ringi, vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kwenye nguzo kama mshipi, sharti zikaribiane zaidi pale nguzo inapokutana na slabu ya sakafu, juu na chini, na ncha zake zikunjwe ndani kabisa, zing'ang'anie zege. Ardhi ikitikisika, ringi ndizo huzuia nguzo isipasuke tumbo. Ndivyo sheria ya ujenzi inavyotaka.

Alijua haya yote alipochukua kazi ya Gachanja kule Gatina, Kawangware.

Gachanja ni mwenyeji wa pale. Shamba alilirithi kwa babake, na palipokuwa na mahindi akapanda vyumba vya kukodisha. Ramani yake iliyogongwa muhuri ilikuwa ya ghorofa tatu. Yeye na Osewe walipatana kwa nguzo, si kwa siku, na kwa desturi ya mjengo vipande vya chuma vinavyobaki ni vya fundi. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Fundi anayelipwa kwa nguzo na kuachiwa masalio ana kila sababu ya kubakisha. Kila ringi ambayo Osewe aliiruka ilimwokolea muda na kuongeza uzito wa gunia lake. Palipotakiwa kumi na tano alitia saba, na ncha akazikunja nusu tu, maana kukunja mpaka ndani kunachubua viganja. Gachanja aliona, akanyamaza. Alitaka kupandisha jumba upesi. Kanjo, wale wakaguzi wa kaunti, walifika getini, wakazungumza naye kando, wakaenda zao. Pesa za masalio ziliezeka nyumba ya mabati ya Osewe kule mtaa wa Raila, Kibera, na kumlipia bintiye, Caren, karo ya ususi. Ilikuwa biashara safi. Kila mmoja aliondoka na chake.

Miaka tisa baadaye Caren akapata chumba ghorofa ya kwanza ya ploti hiyohiyo.

"Ni nyumba ya mawe, Baba! Choo iko kwa korido, hakuna kupiga foleni nje."

Osewe akamwambia Gatina ni mbali. Akamwambia kuna wezi. Akataja kila kitu isipokuwa kile kimoja. Caren akahama na mtoto wake, akafungua saluni hapo chini. Wakati huo Gachanja alikuwa ameshafika ghorofa ya tano, na vyuma vya kungojea ya sita vilichomoza juu ya paa.

Jumanne moja asubuhi ardhi ikatikisika, sekunde chache tu. Kule Raila masufuria yaligongana, watu wakacheka, wakaendelea na chai yao. Mabati hayamtishi mtu. Simu ya Osewe ikalia.

"Baba, kuna ufa kwa nguzo, hapa karibu na ngazi. Kuja na simiti uipige plasta. Landilodi anasema ni rangi tu imepasuka."

Osewe alikwenda na nyundo, simiti akaiacha. Aligonga mara tatu, plasta ikaanguka kipande kizima. Chuma kikubwa kilikuwa kimepinda kuelekea nje, na ringi imefunguka mdomo. Alitandaza kiganja kati ya ringi moja na nyingine. Kikaingia, na nafasi ikabaki.

"Chukua mtoto, twende Raila leo."

"Raila? Nirudi kulipia choo kila nikibanwa? Na saluni? Wateja wangu wote wako hapa."

"Hii nguzo ni mbovu."

"Umejuaje?"

"Niliifunga mimi."

Caren alitaka kucheka, akakoma. "Basi itengeneze."

Osewe akamwendea Gachanja, akamkuta nje ya duka lake la vifaa vya ujenzi akinywa chai.

"Sema, fundi."

"Mzee, hizo nguzo nane za chini zivishwe vyuma vipya, zimwagwe zege upya. Na hiyo ya sita usipandishe."

"Na wapangaji?"

"Watoke mwezi mmoja."

"Mwezi mzima bila kodi!" Gachanja akapuliza chai. "Osewe, wewe unajua kupatana, lakini leo umekuja mikono mitupu. Ukienda kwa kanjo utasema nani alifunga?"

"Nitasema ni mimi."

"Basi enda. Barabara ni ya wote."

Alikwenda kweli. Alipiga foleni, akataja jina lake, likaandikwa. Baada ya siku kumi na sita maofisa walikuja, wakachora alama kubwa nyekundu ya X karibu na geti na kubandika ilani: watu wahame ndani ya siku saba. Osewe akadhani kazi imekwisha.

Waliokuwa na uwezo wakahama. Gachanja akakata kodi nusu. Kufikia Jumapili kulikuwa na msururu getini, wengi wao wametoka Sarang'ombe, kulekule Kibera, wanatafuta nyumba ya mawe ya bei hiyo. X ikapakwa rangi ya krimu. Maofisa hawakurudi, ilani ilikuwa imeshatolewa, faili lao halikuwa na doa. Aliyepoteza ni Osewe. Maforomani walisikia kwamba yeye ndiye huenda kwa kanjo, na tangu hapo hakuna anayemwita kazini.

Kisha Caren akapiga simu tena, sauti imechangamka.

"Baba, wa vyumba viwili kule juu amehama! Nimechukua yake kwa kodi ileile nilikuwa nalipa. Choo ndani! Kuja unisaidie na kitanda."

Osewe alimkuta chini ya ngazi, kitanda kimesimamishwa ukutani.

"Caren, hili jumba litaanguka."

"Nisikie basi. Nionyeshe ploti moja unajua imefungwa vizuri, na kodi yake naiweza. Moja tu. Nitahama leo."

Osewe akazipitia kichwani zote alizofunga mtaani, kuanzia Gatina mpaka Kibera. Zilikuwa kumi na moja, na mapatano yalikuwa yaleyale: malipo kwa nguzo, masalio ya fundi.

"Iko wapi, Baba?"

Osewe akainama, akashika kitanda upande wa miguu.

"Tangulia," akasema. "Ni ghorofa ya ngapi?"

"Ya nne."

Wakaanza kupanda.