Misumari Mdomoni mwa Baba

Baba yangu ni fundi wa makochi, na ukiingia karakana yake atakusalimia kwa nyusi. Mdomo una kazi nyingine: umejaa misumari midogo. Huusukuma mmoja kwa ulimi hadi kwenye midomo, huuchomoa na kuugongomea, huku mkono wa kushoto umekaza kitambaa. Ndivyo alivyofanya kazi tangu kabla sijazaliwa, na ndivyo alivyomlea mchekeshaji anayependwa kuliko wote mjini.

Mchekeshaji huyo ni mdogo wake. Nyumbani tunamwita Kitinda, maana ndiye wa mwisho kuzaliwa. Alianza harusini, akichekesha watu kati ya hotuba na hotuba, akapata nafasi ukumbini, kisha redioni, kisha kwenye televisheni. Sasa sura yake iko kwenye bango la sabuni mbele ya karakana, meno yote nje, na Baba kila akifungua mlango asubuhi huanza siku kwa kuchekwa na meno yale.

Kila Jumatatu Kitinda huja na vichekesho vipya. Sheria ni moja tu. Baba akitaka kucheka lazima kwanza ateme misumari, la sivyo ataimeza. Kichekesho kinachomtemesha kinapelekwa jukwaani. Akiendelea kugonga, kimekufa.

Watu hawalijui hilo. Wateja humuuliza, "Kumbe ni mdogo wako! Mbona wewe huchekeshi?" Ilhali bibi anasema utotoni aliyewavunja watu mbavu ni Baba, Kitinda alishika tu shati la kaka yake na kurudia maneno ya mwisho. Wivu wake Baba hajawahi kuutaja. Utauona Kitinda akiwa hewani: Baba huzima redio na kusema betri zimekwisha, na redio yenyewe imechomekwa ukutani.

Mimi nilikuwa nachemka kuliko yeye. Jasho la wawili, makofi ya mmoja! Haki gani hiyo?

"Baba, mwambie akutaje. Mara moja tu, mbele za watu."

"Haki ya kicheko naidai mahakama gani, mwanangu?"

Alisema hivyo, lakini macho yake yalikuwa kwenye bango. Kutajwa ndicho alichokitaka, na hakutaka kukiomba.

Jumatatu moja, siku chache kabla ya onyesho kubwa, Kitinda aliingia kama upepo.

"Shikamoo, kaka. Leo utameza na nyundo. Sikia. Nilikuwa kijana, nimetengeneza kiti changu cha kwanza. Baba mkwe mtarajiwa akaja, akakikalia. Kiti kikaanza kushuka. Polepole, kwa adabu. Mzee anatuhubiria kuhusu heshima, huku anashuka. Sisi 'ndiyo, mzee,' tunainama naye asijione mfupi. Alipomaliza, kidevu chake kiko mezani na ukoo mzima umelala kifudifudi!"

Nilikuwa nimeshika kitambaa upande wa pili; nilikiachia kwa kicheko. Kisha kicheko kikanikauka. Kiti kile kilikuwa cha Baba. Mzee yule ni babu yangu, mzaa mama. Kitinda siku hiyo alikuwa mtoto anayecheza chini ya meza.

Mashavu ya Baba yalivimba. Mabega yakatikisika, macho yakajaa maji. Halafu nyundo: ko, ko, ko.

"Hakichekeshi?" Kitinda aliuliza.

Baba akatikisa kichwa.

"Basi nakitupa. Wewe hujawahi kunidanganya."

Alipoondoka, Baba alitema misumari kiganjani. Ilikuwa na damu.

"Nyamaza," akaniambia, na mimi sijasema kitu.

Jumapili mchana, siku ya onyesho, tulikaa safu ya mbele. Baba alimtazama mdogo wake kama mtu anayesubiri kiti kivunjike. Hakikuvunjika. Ukumbi ulicheka mwanzo hadi mwisho, mama mmoja nyuma yetu alimpigapiga Baba mgongoni, "Nishike, nakufa mie!" Kichekesho cha kiti hakikusemwa, na hakuna aliyeona pengo lake. Baba alipiga makofi kwa ncha za vidole.

Baadaye tulimfuata kwenye chumba cha kuvalia, kimejaa wapongezaji.

"Kaka! Kile cha kiti nilikitoa, kama ulivyotaka. Una masikio wewe!"

Baba hakuwa na misumari mdomoni. Alivuta kiti cha plastiki, akakaa, akaanza kwa sauti ya babu: "Heshima, vijana, heshima..." Huku anashuka. Kiti kilibaki palepale; ni yeye aliyekuwa akiteleza kutoka kitini kidogokidogo, magoti yakikunjana, uso wa mzee haubadiliki. Fundi mitambo wa ukumbi alishika ukuta kwa kicheko. Kitinda alicheka hadi poda ikamtiririka usoni, kisha akakatisha ghafla.

"Kaka. Mbona Jumatatu hukucheka?"

"Jumatatu kilikuwa kiti chako."

Watu walikuwa bado wanacheka. Wao wawili hawakucheka. Kitinda alijifuta uso kwa taulo, akachelewa kuliondoa.

"Nimekisimulia hadi nikajiona ni mimi," alisema. "Nikisema ni kiti cha kaka yangu, fundi makochi, unafikiri watacheka?"

Baba alijiinua kutoka sakafuni, akajikung'uta suruali.

"Njoo Jumatatu. Nitaweka misumari mdomoni." Akafika mlangoni, akageuka. "Na unashuka haraka mno. Mzee hakuwa na haraka."