Kitone Chekundu cha Nyumba Yetu

Ramani ilikuwa ukutani, imemulikwa na mashine: mtaa wetu wa Nabuyonga, kule Mbale, kila nyumba kitone. Nyumba zilizopoteza mtu kwenye mafuriko zilikuwa nyekundu. Nikatafuta yetu. Nyumba ya fundi cherehani, jirani yetu, niliiona. Ya muuza mkaa upande wa pili niliiona. Katikati palikuwa peupe. Binti yangu alichukuliwa na maji palepale penye weupe.

Hiyo ilikuwa Jinja, ukumbini, msichana wa chuo akieleza utafiti wake. Mimi sikusoma sana, lakini mtaa wangu naujua hata ukichorwa vitone.

Msichana huyo alitujia Mbale maji yalipokwisha kupungua. Alisema anasomea shahada ya pili, wanajifunza kupima maisha ya watu kwa namba. Adabu alikuwa nayo. Alivua viatu, akapiga magoti kunisalimu, akakaa mkekani na kompyuta yake ndogo ya mkononi.

"Mama, hapa mna watoto wangapi?"

"Mungu ametujalia."

"Ndiyo mama, lakini wangapi?"

"Si hao unawaona?"

Kwetu mama hataji watoto wake kwa namba. Bibi yangu alinikataza tangu nikiwa mdogo: ukiwahesabu, unakionyesha kifo walipo. Na mimi ambaye kifo kilikuwa kimetoka kwangu juzi tu, nianze kukihesabia waliobaki?

Fundi cherehani alikuwa anasikiliza mlangoni kwake. "Binti, unajisumbua. Huyo hata kuku wake hahesabu. Siku moja jirani atamlia wote, na yeye atasema Mungu amejalia."

Tulicheka, hata mimi. Msichana akabonyeza mahali palipoandikwa kwamba sikutaka kujibu, akaendelea. Nikamweleza habari ya binti yangu, alivyorudi ndani kuchukua sare ya shule, ukuta ukaanguka. Alisikiliza mpaka mwisho. Alifuta machozi kwa kitambaa chake, nilimwona.

Baadaye nilihamia Mafubira, kando ya Jinja, nikawa nauza mihogo ya kukaanga. Utafiti ulipokwisha alinipigia simu nije kusikiliza, kwa kuwa sasa niko karibu. Nikavaa gauni langu la Idi.

Alipomaliza kuieleza ramani nilimfuata. "Binti, nyumba yangu iko wapi?"

Akainamisha macho. "Mama, idadi ya watu ilikosekana. Nyumba yenye pengo tunaiondoa kabla ya kupiga hesabu. Ndio utaratibu."

"Lakini nilikwambia aliyekufa."

"Uliniambia, mama."

Mwalimu wake, bwana mwenye tai, akaingilia kwa upole. "Mama, pole. Ni nyumba chache tu. Hazibadilishi matokeo." Nyuma yake watu wa manispaa walikuwa wanaipiga ramani picha kwa simu, ile yenye weupe.

Sikugombana. Nilirudi kukaanga mihogo yangu. Ila nasema waliofanya ni hao wawili: msichana aliyelia na mimi kisha akaniondoa, na mwalimu aliyemfundisha kuondoa. Njia ya Mafubira wanaijua, na mkeka ninao. Waje waniambie kwa mdomo wao nani kati yao aliamua kwamba pale kwetu hakufa mtu. Na wakija, waje na ile ramani, kitone changu kikiwa chekundu.