Nduma Chini ya Ukuta wa Bwawa

Watu waliposema nina mkono wa kupanda, sikuwakatalia. Miaka ile ya hamsini, kwenye kambi yetu ya shamba la chai huku juu ya Boito, hakuna mwanamke aliyevuna nduma kama zangu. Nduma moja, au gimbi kama wasemavyo wengine, ilijaza sufuria. Nyapara akipita kwangu asubuhi alikuwa anasalimia nduma kwanza, halafu mimi. Majirani walinionea kijicho, na mimi sikufanya lolote kukipunguza. Nilikuwa na kichwa kikubwa, na mpaka leo hakijapungua sana.

Siri yangu ilikuwa mahali nilipopanda. Juu ya kambi palikuwa na bwawa dogo lililotupatia maji sisi na kiwanda, na mume wangu ndiye aliyekuwa mwangalizi wake. Ukuta wa bwawa ulikuwa wa udongo mtupu, umeota nyasi, na nyumba ya kwanza chini yake ilikuwa yetu. Kazi ya mume wangu ilikuwa kufyeka hizo nyasi, kutega fuko wasiutoboe ukuta, na kuzunguka chini yake kila siku akitafuta unyevu. Kila Jumamosi alikwenda ofisini kwa bwana meneja, akavua kofia, akasema, "Ukuta mkavu, bwana." Alikuwa ameyasema maneno hayo miaka minane, kwa sauti ile ile.

Tena alipenda kunifundisha, hata kama sikuuliza. Maji yakitoka ukutani yakiwa safi, aliniambia, huo ni ugonjwa, mwambie meneja. Yakitoka mekundu, ukuta unaliwa ndani, usirudi hata kuchukua viatu.

Sasa, siku moja nikaona chini ya ukuta, nyuma ya kichaka, pana unyevu wa ukubwa wa mkeka. Maji safi kabisa. Mke mwema angemwambia mumewe. Mimi nilipanda nduma. Mbegu nilipewa na mama mmoja wa Londiani aliyekuwa akipita kuuza viazi, na zilivyoshika pale, hata mwenyewe niliogopa.

Mume wangu akaniuliza mbona pale pamelowa. "Namwagilia," nikasema. Hapo ndipo nilipojifunga kamba mwenyewe. Ikabidi nimwagilie kweli, watu waone. Kila asubuhi, karibu mwaka mzima, nilipanda kilima na debe la maji kichwani, nikaenda kulimwaga kwenye kinamasi. Majirani walinihurumia. Shingo iliniuma mpaka nikawa nageuka mwili mzima mtu akiniita.

Jumamosi moja, baada ya mvua kubwa, watoto wakiwa bado wamelala, niling'oa nduma ya chai ya asubuhi nikaiosha kwenye kijito ambacho sasa kilitoka ukutani. Haikutakata. Nikaiosha tena. Nikadhani ni miguu yangu inayotibua tope, nikasogea kando, nikangoja. Maji yakaendelea kuja, mekundu.

Nisiwe mwongo mara ya pili: wazo langu la kwanza halikuwa la watu wa kambi. Nilifikiri kwamba mume wangu atafukuzwa kazi, na nyumba tutaiacha, na makosa ni yangu. Wazo la pili ndilo lililonikimbiza. Nilikwenda moja kwa moja ofisini, nduma bado iko mkononi. Nilimkuta mume wangu amesimama mbele ya meneja, kofia kifuani.

"Ukuta mkavu, bwana," alikuwa anasema.

"Si mkavu," nikasema mlangoni. "Unatoa maji mekundu."

Meneja alituangalia wote wawili, akaangalia na nduma, kisha akamtuma nyapara apige kengele watu watoke kambini. Sisi watatu tukapanda kilima. Alipoona yale majani, makubwa kuliko mwavuli wake, aliinua moja akachungulia chini yake.

"Nani napanda hii?" akauliza kwa Kiswahili chake.

"Mimi, bwana. Nilimdanganya mume wangu kwamba namwagilia. Yeye hana kosa."

Mume wangu akakohoa. "Hakunidanganya, bwana. Mimi nilijua tangu zile nduma za kwanza." Akainamisha kichwa. "Zilikuwa tamu."

Meneja aligeuka mwekundu kama yale maji. Nafikiri angemfukuza pale pale, ila koki kubwa ya kufungulia maji ya bwawa, kule juu ya ukuta, ilikuwa imeshika kutu, na mwanadamu pekee aliyejua kuibembeleza ni huyo huyo. Akampeleka kwenye koki kwa kumshika kola. Ilichukua muda, na matusi mengi ya Kikipsigis ambayo meneja kwa bahati hakuyaelewa, lakini ilifunguka, na maji yakaanza kushuka kwenye mfereji wake.

Mimi nilisimama kando nikiwa nachemka. "Baba watoto," nikamwambia, "mwaka mzima unaniona na debe kichwani, na unajua?"

"Ningekukataza, ningekuwa nimesema kwamba najua," akajibu, bila aibu yoyote.

Nilikuwa natafuta jibu la kumkomesha. Ng'ambo ya pili ya bonde, kwenye majani chai, watu wote wa kambi walikuwa wamesimama na watoto wao. Niliwaona watoto wetu watatu wakubwa pamoja na jirani. Nikamtafuta mdogo. Jirani akanipungia mikono mitupu, na nikajua alidhani ninaye mgongoni, kama siku zote.

Nilimwacha mume wangu kwenye koki. Nilishuka kile kilima, chini ya ukuta ule ule, nikipita katikati ya nduma zangu na kuzivunja. Mlango ulikuwa umerudishwa. Mtoto alikuwa kitandani bado, amelala, mdomo wazi, mguu mmoja nje ya blanketi.

Nilipomwinua nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Mume wangu alikuwa mlangoni, mikono imejaa kutu, kofia hana. Alimshika mtoto ule mguu wa nje, akabaki ameushika, na hakuna aliyeweza kumlaumu mwenzake.