Maneno Katikati ya Namba

Wifi yangu alianza kujifunza kuandika programu akiwa mjane wa miezi michache, na mimi nilikuwa wa kwanza kumcheka. Mtu ambaye hata ujumbe wa simu humpa binti yake amfungulie!

"Cheka tu, wifi," akaniambia. "Kazi ya kaka yako siiachi njiani."

Kazi ya kaka yangu ilikuwa kupima kina cha mto. Kila asubuhi alishuka darajani, akasoma nguzo ya vipimo, akarudi kuandika kwenye kompyuta yake kuukuu. Siku nyingine, mahali pa namba aliweka maneno. "Ukungu, sioni kitu." "Kifua kinabana, nimepumzika kwenye jiwe." "Mama watoto kanisindikiza leo." Na kaka huyo nyumbani alikuwa bubu wa kujitakia, ukimsalimia anaitikia kwa kidevu. Wifi aliyakuta maneno hayo baada ya mazishi, akawa anayasoma kila jioni.

Ofisi ya maji ilimpa nafasi ya mumewe, ikampeleka darasani na wapimaji wenzake wajifunze kutengeneza modeli ya mto. Unaipa kompyuta vipimo vya zamani, nayo inakukadiria maji yatapanda lini. Mwalimu aliwafundisha kwamba namba ni aina moja, maandishi ni aina nyingine. Orodha inabeba vyote bila kinyongo, ila hesabu haibebi.

"Mama, haya maneno lazima yatoke," akamwambia. "Modeli inayakataa."

Wifi akapiga moyo konde. Nyumbani, mimi nikiwa pembeni namenya machungwa, aliandika mstari mmoja tu: orodha ya pili ni sawa na ya kwanza. Akaamini amepata nakala. Kwenye ile ya pili akayafuta maneno, moja baada ya jingine, akiyasoma kwa sauti kabla hayajaondoka. Kisha, kwa woga wa kupoteza, akaihifadhi ile ya kwanza, ambayo aliamini hajaigusa, juu ya faili la kaka yangu. Modeli ikakubali. Mstari wa buluu ukapanda na kushuka kwenye kioo, tukapiga makofi kama watoto.

Jioni alifungua faili amsome mumewe. Namba tupu, mwanzo hadi mwisho.

"Hukutengeneza nakala, mama," mwalimu alimweleza kesho yake. "Orodha ilikuwa ile ile, wewe uliiongezea jina tu. Ulichofuta huku kilifutika na huku. Hukuhifadhi mahali pengine?"

Wifi akatikisa kichwa. Nilitamani kumzaba kofi mwalimu wa watu, na kosa wala si lake. Nilikuwa nimempoteza kaka yangu mara ya pili, na safari hii nilikuwepo, nakula machungwa.

Wiki ile sikumwacha aende mtoni peke yake. Asubuhi moja ukungu ulifunika daraja zima, nguzo haikuonekana. Tukarudi. Akakaa mbele ya kompyuta, akafikiri kidogo, akaandika: "Ukungu, sioni kitu."

"Modeli itakataa," nikamwambia.

"Najua." Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Ndilo pekee ninalolikumbuka kama alivyoliandika, wifi. Mengine yameshaanza kunichanganya."